Gemu Umeilipia Lakini Haifunguki: Kutafuta Chanzo Dalili kwa Dalili

Mwongozo huu ni wa mtu aliyenunua gemu ya kompyuta kwa pesa zake, akaiacha ishuke usiku kucha kwa waifai ya ploti, kisha alipoibofya akakutana na dirisha linalomwambia kwamba leseni yake haijatambuliwa. Mara nyingi gemu haina hitilafu na kompyuta ni nzima. Kinachokataa ni kinga dhidi ya unakili, ile inayojulikana kwa herufi DRM. Iliwekwa kumzuia asiyelipa, lakini anayekumbana nayo kila siku ni aliyelipa. Nakala iliyovunjwa humfikia mtu kinga ikiwa imeshang'olewa. Haimdai intaneti, haimuulizi akaunti, haihesabu kompyuta zake. Maswali hayo yote huulizwa mnunuzi.

Kwa hiyo ninapomsaidia mtu huanza na imani kwamba amelipa na anastahili kucheza. Kinachobaki ni kujua kufuli lipi limemfungia nje, kwa sababu makufuli haya hayafanani na dawa ya moja hulifunga lingine zaidi.

Kabla ya kugusa chochote

Piga picha ya skrini yenye ujumbe wa kosa, namba yake ikiwemo, na saa ionekane kwenye kona. Mtu akinipigia simu na kusema tu "imekataa", hakuna pa kuanzia. Namba ya kosa ndiyo hutenganisha tatizo la mtandao na tatizo la leseni, na picha hiyo itakuwa ushahidi wako ukifika wakati wa kudai pesa.

Usiweke Windows upya. Mafundi wengi mjini hukimbilia hapo kwa sababu ndiyo dawa wanayoijua. Kwa kinga nyingi, Windows mpya ni kompyuta mpya, na huenda ukateketeza nafasi moja kati ya chache ulizopewa.

Usitafute kraki, yaani faili la kuvunja kinga, ya gemu uliyoinunua. Hasira yake naielewa kabisa. Lakini faili hizo kwa kawaida hukuomba uzime antivairasi kwanza, kwenye mashine ileile ambayo unafungulia barua pepe na benki. Tena Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inahesabu kuizunguka kinga ya kiufundi kuwa ukiukaji wa hakimiliki, hivyo unajiondolea nguvu ya kulalamika ukiwa upande wa haki.

Kisha jua una kufuli gani. Kwenye ukurasa wa gemu katika duka la Steam, upande wa kulia, kuna kisanduku kinachotaja kinga ya kampuni nyingine kama ipo, na kinga hiyo ikiwa na kikomo cha kompyuta, kikomo huandikwa hapo. Tovuti ya PCGamingWiki pia ina ukurasa wa karibu kila gemu ya kompyuta, na hueleza kinga yake. Dakika tano za kusoma hapo zinaweza kukuokolea jioni nzima.

Inasema haiwezi kufikia seva, na intaneti ipo

Anza na saa ya kompyuta. Linaonekana jambo dogo, lakini hapa Nairobi ndicho chanzo ninachokikuta kuliko vingine, na sababu yake iko wazi. Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua Luthuli na Moi Avenue ni za ex-UK: zilitumika ofisini miaka mingi, zikasafirishwa, zikakaa stoo. Ile betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mama, aina ya CR2032 ya volti 3, mara nyingi imeshakufa. Mashine ikiwa kwenye soketi, saa inakwenda vizuri na hutajua lolote. Stima ikipotea, au ukichomoa waya usiku ili kuhifadhi tokeni, saa inarudi kwenye tarehe ya kiwandani, miaka mingi nyuma.

Sasa tazama kinachotokea. Seva ya leseni hujitambulisha kwa cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yako inadhani ni 2012; cheti kinaonyesha kimetolewa mwaka huu; kompyuta inakiona hakijaanza kufanya kazi na inakata mazungumzo. Gemu haipewi maelezo hayo. Inajua tu kwamba haikupata jibu, basi inaandika kwamba seva haipatikani. Dalili ya pembeni ni kivinjari kukulalamikia kuhusu usalama wa tovuti ambazo jana zilifunguka bila shida.

Bofya saa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye mipangilio ya tarehe, chagua eneo la Nairobi, yaani saa 3 mbele ya UTC, kisha iamuru ijilinganishe na saa ya intaneti. Funga Steam au programu yoyote ya duka unayotumia, uifungue upya, ujaribu gemu. Ikikubali, kanunue betri. Zima mashine, chomoa waya, fungua ubavu wa kasha, sukuma kile kikucha kidogo cha chuma pembeni ya betri nayo itaruka juu yenyewe. Mpya inaingia upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwasha, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, weka tarehe, hifadhi. Kwa laptopu ambayo lazima ifunguliwe chini yote, mpe fundi.

Saa ikiwa sawa, badilisha mtandao. Washa hotspoti ya simu, unganisha kompyuta, jaribu tena. Ikifunguka, tatizo liko kwenye mtandao wa nyumbani: kwenye ploti nyingi laini moja hugawiwa wapangaji wote, na aliyeifunga huenda alizuia mambo fulani ili isielemewe. Hosteli na ofisi ni hivyo hivyo. Zungumza na anayesimamia ruta. VPN, yaani programu inayokuonyesha kama uko nchi nyingine, nayo izime kabla ya kujaribu, kwa sababu kinga hushuku akaunti inayoonekana iko Nairobi saa nne na Amsterdam saa nne na nusu.

Ikiwa imekataa kwenye mitandao yote miwili na saa iko sahihi, mara nyingi seva zao ndizo zimeanguka, na hapo huna la kutengeneza. Yametokea kwa kampuni kubwa mara nyingi. Machi 2010 Ubisoft iliuza Assassin's Creed II kwa kompyuta ikiwa na sharti la kuunganishwa muda wote. Seva zikashambuliwa na wanunuzi wakafungiwa nje ya gemu ambayo huchezwa na mtu mmoja peke yake. Mei 2012 Diablo III ilipotoka, watu waliganda kwenye kosa namba 37. Machi 2013 SimCity ilitoka ikidai seva hata kwa anayejenga mji wake peke yake, na seva zikashindwa kubeba watu. Machi 2014, mwaka mzima baadaye, ndipo likaja toleo la kuchezwa bila intaneti. Tarehe 7 Novemba 2021 anwani ya mtandao ya Denuvo, kampuni ya Austria ambayo kinga yake imo ndani ya gemu nyingi kubwa, iliacha kufanya kazi, na gemu za makampuni mbalimbali zikakataa kufunguka kwa pamoja.

Nataja haya ili ujue kwamba kufuta na kushusha upya gemu ya gigabaiti 80 siku kama hiyo ni kupoteza bando bure. Angalia ukurasa wa hali ya seva wa kampuni, angalia kama wachezaji wa nchi nyingine wanalia kilio hicho hicho, hifadhi picha yako, subiri.

Inasema umefikisha idadi ya kompyuta

Hapa ujumbe hutaja leseni, uamilishaji (yaani kuiwasha leseni kwenye mashine fulani) au idadi ya mashine, na mtandao hautajwi. Kinga haikujui wewe. Inajua alama za mashine yako: ubao mama, prosesa, diski, toleo la Windows. Ni kama soja wa geti anayekutambua kwa koti. Ukibadilisha koti, anakuandika kuwa mgeni mpya.

Kwa Denuvo kikomo kinachoandikwa kwenye kurasa nyingi za Steam ni kompyuta 5 tofauti ndani ya siku moja. Mtu wa kawaida hafikii hapo, lakini wanaofikia ni wale wanaotengeneza mashine: umebadilisha prosesa, ukasasisha BIOS, ukarudisha, ukajaribu gemu kila baada ya badiliko. Watumiaji wa Linux huathirika zaidi, kwa sababu kila toleo la Proton, programu inayowezesha gemu za Windows kucheza kwenye Linux, unalojaribu linaweza kuhesabiwa kuwa kompyuta nyingine. Dawa ni kuacha kujaribu kabisa, saa 24 zipite, kisha ufungue mara moja kwenye mpangilio ule utakaobaki nao.

Gemu za zamani zilikuwa kali kuliko hivyo. Spore ilipotoka Septemba 2008, ilikuja na kinga ya SecuROM na ruhusa ya kuamilisha mara 3 tu, basi. Wanunuzi walipaza sauti hadi ruhusa zikaongezwa kuwa 5. Ukiwa na gemu ya kizazi hicho na ruhusa zimeisha, usihangaike na mipangilio. Mwandikie mchapishaji, umtumie picha ya ufunguo ulio kwenye kasha na risiti kama bado unayo. Kwa gemu nyingi za wakati huo pia ilitolewa programu ndogo ya kurudisha nafasi, na ukiitumia kabla ya kuuza kompyuta ya zamani unaokoa nafasi yako. Ukishaiuza, nafasi imekwenda nayo.

Kuna kisa kimoja kinachowachanganya hata mafundi wazuri. Prosesa za Intel za kizazi cha 12, zilizotoka mwishoni mwa 2021, zina viini vya aina mbili, vikubwa na vidogo. Kinga za gemu kadhaa zilipoona kazi imehama kutoka kiini kikubwa kwenda kidogo, zilidhani gemu imehamishiwa kompyuta nyingine, zikaifunga ikiwa katikati ya mchezo. Intel yenyewe ilitoa orodha ya gemu zilizoathirika. Masasisho ya Windows na ya gemu yameondoa sehemu kubwa ya tatizo. Kama bado linakupata, tafuta ndani ya BIOS kipengele cha kuafikiana na gemu za zamani. Kikiwashwa, kitufe cha Scroll Lock huvilaza vile viini vidogo kabla hujaanza kucheza.

Inakubali ukiwa na intaneti, ikikatika inakutoa

Kwanza tofautisha. Zipo gemu zinazohitaji intaneti mara moja tu ya kwanza, zipo zinazoihitaji kila baada ya muda, na zipo zinazoihitaji kila sekunde. Za aina ya tatu hazina tiba, na mimi siwashauri watu wa mitaa yenye mtandao wa kusuasua kuzinunua, hata bei ikishushwa kiasi gani.

Zile mbili za mwanzo unaweza kuziandaa, lakini maandalizi hufanywa intaneti ikiwa ipo, na hapa ndipo wengi hukwama. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, laptopu nyingi zilikuwa na chaji na ruta zilikuwa zimezima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikawa nzito Afrika Mashariki kwa siku kadhaa. Aliyekuwa amejiandaa alicheza. Asiyejiandaa aliambiwa aingie kwenye akaunti kwanza.

Kwa Steam, fanya hivi siku ambayo mtandao ni mzuri. Ingia kwenye akaunti na uweke alama pale inapouliza kama ikukumbuke. Acha gemu imalize masasisho yote, kwa sababu gemu iliyo nusu ya sasisho haitafunguka nje ya mtandao. Ifungue hadi ufike ndani ya mchezo wenyewe, maana ruhusa nyingi huchukuliwa hapo. Funga gemu. Kisha nenda kwenye menyu ya Steam, chagua hali ya nje ya mtandao, uifungue tena ukiwa hapo kuhakikisha. Gemu yenye Denuvo ikisasishwa, au ukibadilisha kifaa ndani ya kompyuta, rudia.

Gemu ikiwa inafungua programu ya pili ya kampuni yake, mfano Ubisoft Connect, EA au Rockstar, nayo ina hali yake ya nje ya mtandao na lazima uiandae kivyake. Makufuli mawili, maandalizi mawili.

Diski halali ya zamani haifunguki kwenye Windows mpya

Ndugu alikuletea kasha kutoka Uingereza mwaka 2005, diski haina mkwaruzo, na Windows 10 au 11 haionyeshi hata kosa. Unabofya na hakuna kinachotokea. Chanzo ni kwamba kinga za SafeDisc na za SecuROM za wakati ule zilitegemea kuingia ndani kabisa ya Windows. SafeDisc ilitumia faili la mfumo liitwalo secdrv.sys. Windows 10 ilipotoka 2015 haikulibeba faili hilo, na Septemba mwaka huohuo Microsoft ikalizima kwenye Windows Vista, 7 na 8 kupitia sasisho la usalama, kwa kuwa lilikuwa tundu ambalo mvamizi angeweza kulipitia. Microsoft ilikuwa na sababu ya haki kabisa. Lakini gharama ilimwangukia aliyenunua diski halali, kwa sababu kinga ilikuwa imefungamanishwa na gemu kiasi kwamba kuondoa moja ni kuua nyingine.

Utaona mtandaoni maelekezo ya kulirudisha faili hilo. Usilirudishe kwenye kompyuta unayotumia kila siku. Ukipenda diski yako, tafuta mashine kuukuu yenye Windows XP, uiache bila intaneti, uichezee hapo. Au angalia kama mchapishaji alitoa sasisho la mwisho la kuondoa sharti la diski. Wapo waliofanya hivyo. Au itafute gemu hiyo GOG, duka lililoanzishwa 2008 na kampuni ya Kipolandi ya CD Projekt, ambalo huuza gemu bila DRM na limezirekebisha nyingi za zamani zifanye kazi kwenye Windows za leo. Ndiyo, utakuwa umelipa mara mbili. Naliona ni dhuluma, ila kwa nafuu za bei ni dhuluma ya shilingi mia chache na baada ya hapo faili ni lako.

Kundi la pili ni gemu za takriban 2008 hadi 2012 zilizotumia huduma ya Microsoft ya Games for Windows Live. Huduma ilipoachwa, hata wauzaji walikwama: Januari 2020 Grand Theft Auto IV iliondolewa Steam kwa sababu funguo mpya hazingeweza kutolewa tena, ikarudi Machi ikiwa imevuliwa huduma hiyo. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa na gemu ya kundi hilo, angalia kama kuna toleo jipya lililosafishwa. Waliokuwa nayo kwenye akaunti wakati mwingine hupewa bila malipo.

Inacheza lakini inakwamakwama

Hapa naomba uangalifu, kwa sababu watu wameshazoea kuilaumu Denuvo kwa kila mkwamo, na mara nyingi kosa ni la kadi ya grafiki dhaifu, joto, au diski ya kuzunguka iliyochoka. Kinga inaweza kuwa chanzo, na imewahi kuthibitishwa. Resident Evil Village ilitoka Mei 2021 ikikwama kila adui fulani aliposhambulia au kupigwa, hata kwenye mashine za bei mbaya. Nakala iliyovunjwa haikukwama. Chanzo kilionekana kuwa kinga ya Capcom yenyewe iliyopachikwa juu ya Denuvo, ikifanya ukaguzi katikati ya mapigano, na Julai Capcom ikatoa sasisho lililoondoa mikwamo hiyo. Yaani kwa zaidi ya miezi miwili aliyelipa alikuwa na gemu mbovu kuliko ya asiyelipa.

Jaribio ni hili. Shusha ubora wa picha hadi chini kabisa na upunguze ukubwa wa skrini. Mikwamo ikiisha, kadi yako ilikuwa imelemewa, kinga haihusiki. Ikibaki vilevile, fungua Task Manager kwenye skrini ya pili au uweke kipimo kwenye kona, utazame prosesa. Cheza kipande kilekile tena na tena. Ukwamo unaotokea kwenye tukio lilelile kila mara, prosesa ikipanda ghafla na kadi ikiwa imepumzika, unaelekeza kwenye programu yenyewe, na kinga ikiwa miongoni mwa washukiwa. Ukwamo unaokuja ovyo baada ya nusu saa unaelekeza kwenye joto: fungua kasha, ondoa vumbi, badilisha pesti ya prosesa. Mashine ya ex-UK yenye prosesa ya viini vinne huumia zaidi, kwa sababu haina kiini cha akiba cha kubeba kazi ya ukaguzi.

Ukishahakikisha, dawa iko mikononi mwa mchapishaji. Wengi huiondoa Denuvo baada ya muda, mauzo ya mwanzo yakishapita. Mimi hununua gemu za namna hiyo baada ya kuondolewa, kwa bei iliyoshuka na ikiwa nyepesi zaidi.

Inadai Secure Boot au TPM

Hii ni kinga dhidi ya udanganyifu kwenye gemu za kushindana, si dhidi ya unakili, ila mlangoni matokeo ni yaleyale. Valorant kwenye Windows 11 na Battlefield 6 ni mifano. Secure Boot hukagua kwamba mfumo unaowaka haujachezewa, na TPM ni sehemu ya usalama ndani ya kompyuta. Ingia BIOS uviwashe vyote viwili. Diski ikiwa imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, ibadilishe kwanza kuwa GPT, ukiwa umehifadhi mafaili yako kando, la sivyo Windows haitawaka. Mashine ya mwaka 2013 huenda haina TPM 2.0 kabisa, uliza kabla ya kulipa.

Ufunguo umetumika, au haukubaliki eneo hili

Ufunguo ulionunuliwa kwa muuzaji wa mtandaoni kwa nusu ya bei huenda ulinunuliwa kwa kadi ya wizi kisha ukafutwa, au umefungwa kwa nchi fulani. Mpelekee malalamiko aliyekuuzia, kwa kuwa duka la gemu halina pesa yako. Zawadi kutoka kwa ndugu aliye ng'ambo nazo Steam huzikataa tofauti ya bei kati ya nchi mbili ikiwa kubwa. Njia isiyo na kelele ni kulipa mwenyewe kutoka hapa, kwa mfano kwa kadi pepe ya Visa ya M-Pesa, ili nchi ya akaunti na ya malipo zilingane.

Na kama msimbo wa uthibitisho unatumwa kwa laini uliyoipoteza, isajili upya laini hiyo kabla haijapewa mtu mwingine. Baadaye hamishia uthibitisho kwenye programu ya simu na uandike misimbo ya dharura kwenye daftari.

Gemu imefungwa na mwenyewe

Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya magari ya 2014. Kwa kuwa ilihitaji seva hata ukiendesha peke yako, nakala zote zilizowahi kuuzwa zikafa siku moja, za diski pamoja. Hakuna mpangilio utakaoifufua. Kilichotokea baadaye ndicho kinachonipa moyo: Ross Scott alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, ombi lake kwa Umoja wa Ulaya likapita sahihi milioni 1 mwezi Julai 2025, na Ubisoft ilikuwa imeshatangaza Septemba 2024 kwamba The Crew 2 na The Crew Motorfest zitapewa njia ya kuchezwa bila intaneti. California nayo ilipitisha sheria, iliyoanza tarehe 1 Januari 2025, ya kuwalazimu wauzaji wa kidijitali kusema wazi kwamba wanauza leseni. Hapa kwetu Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma. Nadhani sharti la seva ni taarifa ya aina hiyo hasa, na lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kama bei.

Kudai pesa zako

Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, ukiwa umecheza chini ya saa 2. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba saa hizo huhesabiwa programu ikiwa wazi tu. Dirisha la kosa likiwa kwenye skrini wakati wewe unatafuta suluhisho kwenye simu, dakika zinakwenda. Programu ya pili ya kampuni ikijivuta, zinakwenda. Funga kila kitu kabisa kati ya jaribio na jaribio, na ukifika saa moja na nusu bila mafanikio, omba pesa leo, usingoje sasisho la wiki ijayo. Unaweza kuchagua pesa zirudi kwenye pochi ya Steam kama hutaki kusubiri upande wa kadi.

Hata ukiwa umepita muda, omba bado, ila andika kama mtu aliyefanya uchunguzi. Taja tarehe ya kununua, namba ya kosa, toleo la Windows, prosesa na kadi ya grafiki. Eleza kwamba saa ya kompyuta ni sahihi, kwamba umejaribu kwa mitandao miwili na VPN ikiwa imezimwa, na kwamba muda unaoonekana kuwa wa kucheza ulitumika kwenye dirisha la kosa. Ambatisha picha zenye saa. Jibu la kwanza mara nyingi hutoka kwa mashine na litakuambia ufute uweke upya. Jibu kwenye tiketi hiyohiyo ya malalamiko kwamba umeshafanya uchunguzi na picha zimo, uombe isomwe na mtu. Ukifungua tiketi mpya unarudi mwisho wa foleni na maelezo yako yote yanabaki nyuma.